Foleni Imo Mlangoni: Kuainisha Data Katika Mitandao ya Tabora

Anayesimamia mtandao wa hospitali, chuo au halmashauri mkoani Tabora ameshasikia maelezo haya mara nyingi: mtandao ni mzito kwa sababu tuko mbali na pwani, na nyaya za baharini zinatua Dar es Salaam. Hesabu haikubaliani nayo. Mwanga ndani ya mkongo hutumia takriban milisekunde 5 kwa kila kilomita 1,000. Kwa reli, Dar es Salaam hadi Tabora ni kilomita 840 hivi. Tuseme njia ya mkongo ina mizunguko yake na inafika kilomita 1,500, bado ni milisekunde 7 au 8 kwenda, na kiasi hichohicho kurudi. Sasa tazama ndani ya jengo. Ofisi ina laini ya megabiti 10 kwa sekunde, na ruta iliyoko ukutani ina nafasi ya kusubirishia data ya megabaiti 1. Mtu mmoja akianza kupandisha video kwenye hifadhi ya mtandaoni, nafasi ile hujaa, na pakiti inayofika nyuma ya foleni husubiri milisekunde 800 kabla haijatoka nje. Muda huo ni zaidi ya mara hamsini ya safari nzima ya kwenda pwani na kurudi, na wote umepotelea mlangoni kwenu.

Njia ya kale ya misafara ilikuwa na tabia hiyohiyo. Burton na Speke walitoka pwani Juni 1857 wakafika Kaze, Tabora ya leo, tarehe 7 Novemba. Wapagazi wa Kinyamwezi hawakushindwa kutembea. Walikuwa mabingwa wa kazi hiyo, kila mmoja na mzigo wa kilo 30 hivi begani. Siku nyingi ziliishia kambini: kusubiri wapagazi watimie, kusubiri homa ipungue, na kule Ugogo kujadiliana hongo na mtemi mmoja baada ya mwingine. Wafanyabiashara walioijua njia walifunga mizigo pwani kwa uzito na aina inayojulikana, vitambaa mbali, shanga mbali, nyaya za shaba mbali, ili njiani pasiwe na haja ya kufungua kila robota kuuliza lina nini. Hoja yangu kwa vifaa vya Etheneti ni hiyo. Data iainishwe mara moja, pale inapoingilia, kwa kanuni chache zinazotazama imetoka wapi na inafanya kazi gani. Vifaa vingine vyote njiani visome alama tu. Wanaofanya kinyume, wakaandika kanuni nyingi katikati ya mtandao zinazojaribu kuitambua kila programu kwa jina, huishia na usanidi mrefu na foleni ileile.

Tuanze na alama yenyewe, kwa sababu makosa mengi yanaanzia hapo. Fremu ya kawaida ya Etheneti haina mahali pa kuandika kipaumbele. Mahali hapo hupatikana fremu inapovishwa lebo ya kiwango cha 802.1Q, ambayo ni baiti 4: biti 16 za kujitambulisha, biti 3 za kipaumbele, biti 1 ya kusema fremu hii inaweza kutupwa kwanza pakibana, na biti 12 za namba ya VLAN. Biti 3 zinatoa ngazi 8, kuanzia 0 hadi 7. Ndani zaidi, kwenye kichwa cha pakiti ya IP, kuna alama nyingine ya biti 6 iitwayo DSCP, iliyowekwa rasmi mwaka 1998, yenye namba kuanzia 0 hadi 63. Sauti ya simu kwa desturi hupewa 46. Ukiiandika 46 kwa mfumo wa biti unapata 101110, na biti tatu za mwanzo, 101, ni 5. Ndiyo maana swichi inayotafsiri DSCP kuwa kipaumbele cha Etheneti huipeleka sauti ngazi ya 5. Fahamu tofauti moja kubwa kati ya alama hizi mbili: ile ya Etheneti hupotea mara lebo inapovuliwa, kwa mfano fremu ikitoka kwenye poti isiyo na lebo au ikipita kwenye ruta, lakini DSCP husafiri na pakiti mpaka mwisho, isipokuwa mtu aifute makusudi. Kwa hiyo andika DSCP mlangoni, kisha ziache swichi zijitafsirie.

Kuna mtego mmoja katika ngazi zile 8 ambao umewasumbua wengi. Kwa mapendekezo ya kiwango chenyewe, ngazi ya 1 iko chini ya ngazi ya 0. Sifuri ni data ya kawaida; moja ni ya kazi za nyuma ya pazia, kama nakala rudufu. Fundi anayeipa mashine ya malipo ngazi ya 1 akidhani ameipandisha daraja kumbe ameishusha chini ya simu za wageni. Ubaya ni kwamba baadhi ya swichi hufuata mpangilio huo wa kiwango na nyingine huhesabu moja kwa moja, 0 chini na 7 juu. Kila kifaa kina jedwali linaloonyesha ngazi ipi inaingia foleni ipi. Lifungue jedwali hilo kwanza, na usiitumie ngazi ya 1 kabla hujaliona.

Sasa, mlango ni upi? Ni poti ya swichi ambayo kompyuta, simu, kamera au kituo cha Wi-Fi kimechomekwa. Hapo ndipo mtandao unapojua kwa uhakika kitu kimetoka wapi. Hatua moja mbele, data imeshachanganyika. Chukua hospitali ya ukubwa wa kati. Simu za mezani zimewekwa VLAN 20. Mapokezi, dirisha la malipo, maabara na famasia VLAN 30. Kamera za ulinzi VLAN 40. Wi-Fi ya wageni na wanafunzi wa mafunzo VLAN 50. Mgawanyo huu pekee umeshamaliza sehemu kubwa ya uainishaji, maana kanuni zinazobaki zinasomeka kwa sentensi za kawaida: chochote kinachotoka VLAN 20 kipewe 46, kinachotoka VLAN 30 kwenda kwenye seva za mfumo wa hospitali na za malipo kipewe 18, kinachotoka VLAN 40 kwenda nje ya jengo kipewe 8, kilichobaki kipewe 0. Mkuu wa hospitali ambaye hajawahi kugusa swichi anaweza kuzisoma kanuni hizi nne akasema anakubali au anakataa, na kwangu hicho ni kipimo cha usanidi mzuri.

Kwa nini tusiainishe kwa jina la programu, kama matangazo ya vifaa vingi yanavyoahidi? Zamani ilifaa kidogo, kwa kuwa kila huduma ilikuwa na namba yake ya poti na maandishi yake yalipita wazi. Leo karibu kila kitu hupita poti 443 kikiwa kimefungwa kwa usimbaji: video ya burudani, mfumo wa wagonjwa, ukurasa wa kutoa kumbukumbu namba ya malipo, ujumbe wa WhatsApp. Kifaa kinachodai kutambua programu hubahatisha kwa kutazama jina la seva, ambalo nalo linazidi kufichwa, au kwa kulinganisha na orodha ya mtengenezaji inayotaka kusasishwa kwa leseni ya kila mwaka. Leseni ikiisha, orodha huchakaa na kanuni hubaki zikipachika alama zisizo sahihi kimyakimya. Zaidi ya hapo, kuchungulia ndani ya mawasiliano ya wagonjwa na wafanyakazi ni jambo la kisheria. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na taasisi inayofungua mawasiliano ili tu kupanga foleni inajitwika wajibu ambao haikuuhitaji. Kutazama poti, VLAN na anwani hakufungui barua ya mtu.

Najua ugumu wa njia hii. Kompyuta ya dirisha la malipo ndiyo hiyohiyo inayofungua video saa ya chakula, na poti yake ni moja. Dawa ni kuunganisha chanzo na mwisho wa safari, kama nilivyofanya kwa VLAN 30 hapo juu: ikielekea kwenye seva za kazi inapanda daraja, ikielekea kwingine ni ya kawaida. Hapa utahitaji anwani za seva hizo kutoka kwa wenye mfumo, kwa maandishi, na ahadi ya kuarifiwa zikibadilika. Mfumo ukiwa kwenye seva za wingu ambazo anwani zake hubadilika kila mara, usianze kukimbizana nazo. Kubali kutumia chanzo peke yake, ukijua kwamba video ya saa ya chakula itapanda daraja pamoja na malipo, kisha mzungumze na mhusika. Mambo mengine ni ya uongozi, na swichi haiwezi kuyafanya kwa niaba ya mtu.

Mpangilio wa kanuni unastahili uangalifu kuliko kanuni zenyewe. Katika vifaa vingi, pakiti hulinganishwa na kanuni kuanzia juu kwenda chini, na ya kwanza inayolingana ndiyo inayoamua. Zilizo chini yake hazisomwi tena. Fundi anaanza na kanuni inayosema data yote ya 10.10.0.0/16 ni ya kawaida, halafu chini yake anaongeza kwamba 10.10.30.0/24 ikielekea seva ya mfumo ipewe 18. Mtandao wa pili umo ndani ya wa kwanza. Kanuni ya pili haitafikiwa kamwe. Skrini inaonyesha zote mbili zipo na hakuna ujumbe wa kosa. Dalili pekee ni kaunta ya kanuni ya pili kubaki sifuri wiki nzima. Mahususi juu, jumla chini, na kila kanuni iwe na kaunta iliyowashwa. Idadi nayo ina gharama. Swichi hulinganisha kanuni kwa kumbukumbu maalumu ya haraka, ambayo ni ndogo na ya bei, na kanuni moja yenye masafa ya poti huweza kuvunjwa kuwa nyingi humo ndani: masafa ya 1024 hadi 65535, yanayoonekana kama mstari mmoja, yanaweza kula nafasi 6. Ukiyatumia kwa chanzo na kwa mwisho wa safari katika kanuni moja, unazidisha 6 kwa 6. Hapo ndipo swichi ndogo hugoma kupokea kanuni mpya, au mbaya zaidi, huanza kuikabidhi kazi kwa kichakato chake cha kawaida na mtandao mzima unalegea.

Jambo la kuamini alama lipite haraka, kwa kuwa halina mjadala. Programu yoyote kwenye kompyuta yoyote inaweza kujiandikia 46. Kwa hiyo poti za watumiaji zisiaminiwe: alama inayoingia ifutwe, kisha kanuni zako ziandike upya. Aminini poti zinazounganisha swichi kwa swichi tu, na VLAN ya simu pale ambapo simu ya mezani imechomekwa nayo ina kompyuta nyuma yake. Kwenye Wi-Fi angalia jambo moja: vituo vingi hutafsiri biti tatu za mwanzo za DSCP, na 46 huangukia ngazi ya 5, ambayo katika Wi-Fi ni foleni ya video; foleni ya sauti ni ya ngazi 6 na 7. Mwongozo wa kulirekebisha ulitolewa mwaka 2018 katika RFC 8325, na vifaa vipya vina sehemu ya kubadilisha jedwali hilo.

Madaraja yawe mangapi? Manne yanatosha kwa taasisi yoyote ya ukubwa wa Tabora ninayoweza kuifikiria, na matatu mara nyingi yanatosha pia. Daraja la kwanza ni la sauti peke yake, nalo lipewe foleni inayotangulia wengine wote, lakini likiwa na ukomo. Ukomo huu ndio watu husahau. Simu moja ya IP inayotumia usimbaji wa G.711 hutoa pakiti 50 kwa sekunde, na ukijumlisha vichwa vyote hadi vya Etheneti inakula kilobiti 87 hivi kila upande. Simu 10 kwa wakati mmoja hazifiki megabiti 1. Katika laini ya megabiti 20, liwekee daraja la sauti ukomo wa megabiti 2, na hutaona simu ikikwama. Ukiona daraja hilo limejaa, ujue kuna kitu kisicho sauti kimejipenyeza. Bila ukomo, foleni inayotangulia wote inaweza kuwafungia nje wengine wote kwa kosa dogo la kanuni. Kwa kulinganisha, pendekezo la G.114 la Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano ni sauti ifike ndani ya milisekunde 150 kwa upande mmoja ili watu wasikatishane maneno. Kutoka Tabora hadi Dar es Salaam unatumia 8. Una akiba kubwa, na foleni yako pekee ndiyo inayoweza kuimaliza.

Madaraja mengine yagawane kwa mizani: tuseme la kazi lipate nusu ya kilichobaki, la kawaida theluthi na ushee, la chini lipate salio. Mizani hufanya kazi pale tu panapobana. Daraja la kazi likiwa kimya, wengine hutumia nafasi yote. Daraja la chini lisiwekwe sifuri kamwe, kwa kuwa kazi zilizomo, kama picha za kamera na nakala rudufu, ni za lazima. Zinachoweza ni kusubiri. Kwa daraja hilo nashauri 8 kama DSCP. Mwaka 2019 ilipendekezwa namba 1 kwa kazi hii katika RFC 8622, na pendekezo lina sababu nzuri, lakini swichi nyingi zilizoko kwenye kabati zetu husoma biti tatu za mwanzo tu. Kwa 000001 zitaona 0, yaani data ya kawaida, na daraja lako la chini litakuwa limepotea.

Yote haya hayana maana kama foleni haijengeki mahali ulipo. Hapa ndipo usanidi mzuri wa alama huishia bila faida, na ningependa msomaji akae hapa kwa muda. Mtoa huduma amekuuzia megabiti 20, lakini kifaa chake kimeunganishwa na swichi yako kwa waya wa gigabiti 1. Swichi yako inaona barabara pana, inamwaga kila kitu bila kusubirisha, na foleni inajengeka ndani ya kifaa cha mtoa huduma ambako kanuni zako hazipo. Fundi anatazama takwimu za foleni zake, zote tupu, anasema mtandao wake hauna tatizo. Suluhisho ni kubana kasi kwenye poti yako ya kutokea iwe chini kidogo ya ulichonunua, megabiti 18 au 19 kwa laini ya 20, ili foleni irudi kwako na madaraja yaanze kufanya kazi. Kumbuka kubana na kukata ni mambo mawili: kinachobana husubirisha pakiti zilizozidi, kinachokata huzitupa papo hapo. Kwa mlango wa kutokea unataka kubana.

Mkoani kwetu kuna sura nyingine ya tatizo hilo. Mkongo wa Taifa, unaosimamiwa na TTCL, umefika Tabora mjini, lakini kituo cha afya au chama cha wakulima wa tumbaku huko Sikonge, Urambo au Kaliua kinaweza kuwa kimeunganishwa na mji kwa redio ya mawimbi kutoka mnara hadi mnara. Redio hizo zina poti ya Etheneti ya gigabiti, na hewani zinabeba megabiti chache sana kuliko hizo. Tena nyingi hupunguza kasi zenyewe mvua kubwa inaponyesha, ili kiungo kisikatike. Kuanzia Novemba hadi Aprili, basi, kiwango ulichobania wakati wa kiangazi kinaweza kuwa kikubwa kuliko kinachopita siku hiyo. Unaweza kubania kiwango cha chini kabisa cha redio, ukapoteza kasi siku za jua. Au unaweza kuitegemea redio yenyewe, maana nyingi zina foleni chache ndani zinazosoma kipaumbele cha Etheneti au DSCP. Hazina uwezo wa kanuni ndefu, hazijui seva ya malipo ni ipi. Zinasoma alama na kuiweka fremu kwenye foleni yake. Redio ya namna hiyo juu ya mnara, katikati ya mvua, itaokoa simu ya mganga iwapo tu alama iliandikwa sawasawa chini mlangoni. Sijui ushahidi ulio bora kuliko huo kwa hoja ya kuainisha mapema.

Upande wa kushusha data ni mgumu zaidi, kwa sababu pakiti inapokufikia imeshapita pale palipobana. Unachoweza ni kubana data inayoingia ndani ya mtandao wako chini kidogo ya kiwango cha laini. Itifaki ya TCP ikiona ucheleweshaji na pakiti zilizopotea hupunguza mwendo huko inakotoka. Haifanyi kazi kwa ukamilifu, lakini inafanya kazi.

Pingamizi la kwanza ninalolitarajia ni la mkurugenzi: badala ya haya yote, tununue kasi zaidi. Kuna ukweli ndani yake. Kama laini haijawahi kujaa, kanuni zote nilizozitaja hazibadilishi chochote, na atakayeuza uainishaji kwa ofisi ya namna hiyo anauza kitu kisichohitajika. Pima wiki mbili kwanza. Lakini kama laini inajaa, kuiongeza mara mbili huleta nafuu ya muda, kwa kuwa masasisho ya kompyuta, nakala rudufu na hifadhi za picha kwenye simu hutumia kasi yoyote zinayoipata. Hazina kiasi zinachoridhika nacho mpaka kazi yao iishe. Halafu zipo siku ambazo kasi uliyoilipia haipo. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za baharini zinazohudumia Afrika Mashariki, EASSy na SEACOM, zilikatika upande wa kusini, kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoathirika. Sisemi kwamba kanuni kwenye swichi ya Tabora zingeunganisha waya uliokatika baharini. Foleni ya siku hiyo ilikuwa mbali, nje ya mikono ya fundi yeyote wa hapa. Lakini data inayoenda kwenye seva zilizoko Dar es Salaam au Dodoma haihitaji kuvuka bahari. Taasisi iliyokwisha kuitenga data hiyo kwa anwani za seva inaweza, siku kama ile, kuibania kasi data inayoelekea nje ya nchi na kuhakikisha laini ya ndani haijazwa na majaribio yasiyokwisha ya simu na kompyuta kufikia huduma zisizopatikana. Hilo huwezi kuanza kulipanga asubuhi waya umeshakatika.

Pingamizi la pili linatoka kwa mafundi wenyewe, na nalichukulia kwa uzito zaidi. Siku hizi, wanasema, zipo foleni za kisasa zinazogawa kasi kwa haki bila kanuni yoyote, kama fq_codel, iliyoandikwa rasmi katika RFC 8290 mwaka 2018, na CAKE iliyofuata. Zote zimo katika toleo la 7 la programu ya MikroTik, ambayo ofisi nyingi nchini zinayo tayari. Kwa duka, shule ndogo au ofisi ya watu kumi, nakubaliana nao kabisa: washa foleni hiyo kwenye ruta, weka kiwango sahihi cha kubana, na umemaliza sehemu kubwa ya kazi kwa dakika chache. Ila haki ya foleni hizo ni usawa. Hugawa sawa kati ya mawasiliano au kati ya mashine, na usawa huo haujui kwamba mashine moja inatuma majibu ya maabara na nyingine arobaini zinatazama mpira. Katika mtandao wenye watu wengi zaidi ya kasi, sehemu moja ya arobaini na moja ni ndogo mno kwa maabara. Pia foleni hizo huishi kwenye ruta; swichi za kati ya majengo na redio za minarani hazinazo. Njia iliyo bora kwangu ni kuzitumia pamoja: madaraja matatu au manne kwa alama, na ndani ya kila daraja foleni ya haki.

Lipo la tatu, ambalo wafanyakazi na wanafunzi hulisema pembeni: nani kawapa IT mamlaka ya kuamua data ya nani itangulie? Ni swali la haki, na jibu si kwamba mashine ndizo zinazoamua. Mtandao usio na kanuni nao una mpangilio wake. Anayefungua mawasiliano mengi kwa pamoja ndiye anayepata zaidi, na anayetuma kidogo kwa wakati maalumu, kama mashine ya malipo, ndiye anayesubiri. Mpangilio huo haukuandikwa popote na hakuna aliyeukubali. Kanuni nne zilizoandikwa kwa Kiswahili, zikasainiwa na mkuu wa taasisi na kubandikwa kwenye ubao wa matangazo, zinaweza kupingwa, kurekebishwa na kuulizwa. Ndiyo maana nasisitiza ziwe chache. Kanuni 70 hakuna mtu anayeweza kuzihoji, hata aliyeziandika.

Kuhusu mtoa huduma, usidhani atazifuata alama zako. Wengi huzifuta mpakani, na wana sababu zao. Muulize kabla ya kusaini kama anazihifadhi, anazifuta au anazitafsiri, na ni kasi gani ya uhakika ndani ya ile iliyotangazwa. Kama unaunganisha matawi mawili, tuseme Tabora na Nzega, kwa huduma ya Etheneti ya mtoa huduma huyo, jibu la swali hilo lina thamani ya pesa na liwemo kwenye mkataba.

Unapoanza, usibadilishe kila kitu usiku mmoja. Wiki ya kwanza weka kanuni zenye kaunta tu, bila kubana, uone data inaangukia wapi. Kanuni ya mwisho, ile ya kilichobaki, ikibeba karibu data yote wakati laini inajaa, bado hujaijua milango yako. Rudi kwenye orodha ya poti utafute kilichochomekwa pasipostahili. Ya pili andika alama. Ya tatu bana. Baada ya kila hatua, hifadhi usanidi kwenye kumbukumbu ya kudumu, maana katika swichi nyingi unachoandika huishi kwenye kumbukumbu ya muda mpaka uamuru kihifadhiwe. Umeme ukikatika saa nane usiku na betri ya kabati imechoka, asubuhi swichi itawaka na usanidi wa mwezi uliopita na hakuna atakayejua kwa nini simu zimeanza kukatakata tena. Nakala ya usanidi iwekwe pia nje ya kifaa, ikiwa na tarehe. Kisha kila mwanzo wa mwezi fungua kaunta. Kanuni iliyobaki sifuri mwezi mzima aidha imefunikwa na nyingine iliyo juu yake, au kitu ilichokusudiwa hakipo tena. Ikiwa ni hilo la pili, ifute siku hiyohiyo, na kwenye daftari la kabati andika tarehe na jina la aliyeifuta.